Mtambo wa Herufi Mbili

Nilipomaliza eda, watu walidhani kitu cha kwanza nitakachofanya ni kutoka nje. Mimi nilikwenda kufungua chumba cha bunduki. Marehemu mume wangu, Suleiman, ndiye aliyekiita hivyo, ingawa bunduki yenyewe ilikuwa moja tu, imetundikwa ukutani pamoja na mkanda wake wa risasi, na chini yake pana friji bovu, cherehani yangu na mazulia yaliyokunjwa. Mwanangu Khalfan alitaka kuivaa siku ya Idi, nikamwambia asubiri niipanguse mwenyewe. Basi nikaketi juu ya mkeka, bibi wa miaka sabini na kidogo na bunduki mapajani, nikavuta komeo lake, nikalisukuma, nikalivuta tena na kutega sikio. Lilikuwa likiteleza vile vile. Watu hunicheka, mwanamke wa Kiunguja anajuaje mlio wa komeo zuri na mlio wa komeo bovu. Nilijifunza katika mwaka mmoja, katikati ya miaka ya sabini, nilipokuwa mke mpya na mwalimu mpya mjini Ibra, Omani, na nilijifunza kwa kuaibika.

Miaka ile sisi tuliotoka Unguja tulikuwa na vitu viwili visivyolingana, Kiarabu kibovu na Kiingereza kizuri. Kiarabu chetu kiliwachekesha majirani. Nikienda kuomba ndoo, wanawake wa mtaani walinirudisha kwenye neno lile lile mara tatu ili wacheke vizuri, wala hawakuwa na ubaya, walikuwa wakinipenda huku wakinicheka. Lakini ikifika barua ya Kiingereza, kopo la dawa lenye maandishi ya kigeni, au karatasi iliyokuja na mashine ya kuvutia maji, waliniita mimi. "Ngojeni Zuwena arudi skuli." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sentensi ile ilinipa kimo. Leo nikijitazama namwona msichana aliyeshikilia Kiingereza kwa mikono miwili kwa kuogopa kwamba akikiachia hana kingine. Namwonea huruma, lakini pia ningependa kumfinya.

Suleiman naye alikuwa na tatizo lake. Siku za Idi na za harusi wanaume wa Ibra walicheza razha, wakajipanga safu na kuimba, panga na bunduki mikononi, na kila baada ya muda mmoja wao akafyatua hewani. Mume wangu alizaliwa na kukulia Mji Mkongwe, akasoma, akajua kucheza kriketi, lakini bunduki hakuwa nayo. Alijipanga na fimbo. Hakuna aliyemwambia neno baya. Walimwachia nafasi mwisho wa safu, pamoja na watoto, na wakati mwingine mzee mmoja alimpigapiga begani na kumuuliza kama karafuu zimekauka. Suleiman alirudi nyumbani akicheka kicheko cha kujilazimisha, akala, halafu akaiacha kahawa yake ipoe. Baba yake, ambaye mimi nilimwita Ami kama tulivyozoea kuwaita wakwe, aliliona hilo. Ami Khalfan alikuwa ametangulia kurudi Ibra miaka kumi kabla yetu, mtu mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha mjini kabisa alichokikatiza kwa Kiarabu kila alipopata hamasa. Siku moja baada ya chakula cha mchana akatangaza kwamba mwanawe atatengenezewa bunduki. Si ya kununua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Itajengwa kwa kimo chake, kitako cha mti mpya na pete za fedha kwenye mtutu. Kilichobaki ni kuchagua mtambo.

Mimi nilikuwa sijui mtambo ni nini, nikauliza, maana sikuzaliwa na haya ya kuuliza mambo ya wanaume. Haya yangu ilikuwa mahali pengine, kama mtakavyoona. Ami akanieleza kwa kijiko na sahani. Kitako ni mti, seremala atakichonga. Mtutu ni bomba, hupatikana. Lakini katikati kuna kile kipande cha chuma kinachoipokea risasi na kufungwa nyuma yake kwa komeo, na hapo ndipo moto wote unapozuiwa usimrudie mpigaji usoni. Hicho hakitengenezwi sokoni. Lazima kitoke kwenye bunduki ya zamani ya kijeshi, na bunduki za kijeshi zilifika nchi hii kwa njia nyingi na kwa mikono mingi, nyingine zikiwa nzima, nyingine zikiwa zimechoka. "Mti ukioza utabadilisha," akasema. "Mtambo ndio bunduki yenyewe, mwanangu. Mengine yote nguo."

Tulikwenda mji wa Nizwa kwa fundi wa bunduki, kwa Landirova ya kukodi, njia ya vumbi na mawe, Ami mbele na dereva, mimi na Suleiman nyuma tukishikana ili tusigonge vichwa. Tulifikia kwa shangazi yake Suleiman, Bi Thuraya, nyumba ya udongo yenye ngazi za kupanda kwa magoti na ukumbi wa juu uliokuwa na baridi mchana kutwa. Bado nakikumbuka chakula cha siku ile, wali wa mbuzi na ndimu kavu, figili, na samli nyingi mpaka vidole vikateleza. Bi Thuraya aliishi Pemba ujana wake, na alipoona nimemaliza sahani alinisogezea nyingine. "Kula, huku hakuna nazi, mwili utakauka." Wanawake tulikaa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo, na mimi nikachagua mahali pa kukaa ambapo niliuona ukumbi kupitia kwenye ufa. Bi Thuraya aliniona, akatabasamu, akasogea na yeye.

Fundi aliitwa Salim bin Rashid, mfupi, vidole vyeusi, mtu wa Nizwa asiyejua Kiswahili hata neno. Akatandika gunia juu ya zulia na kupanga mitambo mitatu, mitupu, haina mti wala mtutu. Wa kwanza ulikuwa wa Kijerumani, mrefu, na meno ya komeo lake yamelika upande mmoja. Fundi mwenyewe aliuweka kando haraka. Wa pili ulikuwa wa Kiingereza, umeng'aa, weusi wake wa samawati hauna hata mkwaruzo. Wa tatu nao wa Kiingereza, lakini ungeuona ungedhani umetoka kisimani. Ulikuwa na kutu ya rangi ya tende, na komeo lilikuwa na alama ya nyundo. Ulitoka kwa mtu wa Jalan aliyeurithi kwa babu yake. Fundi Salim akafumba macho. Akalivuta komeo la ule unaong'aa, taratibu, akalisukuma, akasikiliza. Kisha ule wa kutu. Akarudia. Halafu akamwonesha Ami nambari zilizogongwa kwenye chuma, ndogo sana, kwa ncha ya sindano. Kwenye mtambo wa kutu nambari ya mwili na nambari ya komeo zilikuwa moja. Kwenye ule unaong'aa hazikulingana.

"Komeo hili si lake," Ami akatufasiria kwa sauti, akijua kabisa kwamba tuko nyuma ya mlango. "Fundi anasema hawa wameoana ukubwani. Yeye anautaka huu wa kutu."

"Baba, huo wa kutu nitauvaaje?" Suleiman akasema. Alisema polepole, lakini nilimjua. Alikwisha kujiona safuni na ule unaong'aa.

"Kutu inasuguliwa."

"Na huu je, si anaweza kulirekebisha komeo?"

Fundi akaulizwa, akajibu kwamba anaweza kujaribu, kwa sura ya mtu anayeulizwa kama anaweza kuruka ukuta. Ami akauchukua ule unaong'aa, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, na hapo akaona herufi mbili za Kizungu zilizogongwa ubavuni, kubwa, zimekaa wima, si kama zile alama ndogo ndogo nyingine. D na P. Akamwonesha fundi. Fundi akatikisa kichwa, herufi hizo hazijui. Na Ami akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Zuwena! Taali, mwanangu. Njoo utusomee."

Nikajifunika vizuri, nikatoka. Fundi Salim akainamisha macho yake kwa adabu. Nikaupokea mtambo, ulikuwa mzito na baridi, na nikazisoma herufi. Hilo lilikuwa rahisi. "Di na Pi," nikasema.

"Na maana yake?"

Sikujua. Hapo ndipo ilipokuwa haya yangu. Wanaume watatu walikuwa wakiningoja, mkwe wangu amenitoa ndani kwa fahari, mume wangu ananitazama kwa macho ya kuomba, na neno "sijui" lilikuwa fupi na jepesi, na sikuweza kulitamka. Kwa Kiarabu nilikuwa nikisema sijui mchana kutwa. Kwa Kiingereza sikuwahi. Nikabuni maneno mawili yanayoanza kwa herufi zile, nikayatamka kwa lafudhi ya mwalimu wangu wa Unguja, kisha nikayafasiri. "Ni alama ya heshima, Ami. Bunduki ya mkubwa wa kikosi."

Ami akacheka kwa furaha. Suleiman akanitazama kama nimemzawadia jambo kubwa. Fundi alipofasiriwa akaukunja mtambo wa kutu ndani ya kitambaa chake, na akauliza kitako kiwe na urefu gani. Basi, ukachaguliwa ule unaong'aa. Nilirudi ndani kwa Bi Thuraya, akanisogezea halwa, na nikaila.

Ningependa kusema kwamba nililala macho kwa majuto, lakini nisingesema kweli. Kilichonisumbua kwanza kilikuwa udadisi. Herufi mbili zile hazikutaka kuondoka. Nikisahihisha madaftari ya watoto naziandika pembeni. Nikipika nazijaribu, nazitafutia maneno, kila maneno niliyoyapata yalikuwa ya kipuuzi. Skulini kwetu palikuwa na mlinzi, Murad, Mbulushi mwenye masharubu, aliyewahi kuwa askari miaka mingi kabla ya goti lake kuharibika. Yeye na mimi tulielewana kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa kibovu kuliko changu. Siku moja wakati wa mapumziko, bila ya kufikiri sana, nikamwandikia herufi zile kwa chaki kwenye ubao wa mtoto na kumuuliza kama amepata kuziona kwenye bunduki.

Murad akacheka mpaka akakohoa. Akachukua ufagio uliokuwa mlangoni, akasimama wima mbele yangu na goti lake bovu, akautia begani, akaushusha, akautoa mbele ya kifua, kulia, kushoto, watoto wa darasa la kwanza wakimpigia makofi. "Hii," akasema, akiugonga ufagio. "Bunduki ya kuruta. Ya kwata. Kubeba, ndiyo. Kupiga, hapana." Akanieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Bunduki zikichoka, jeshi hukagua. Ile ambayo chuma chake hakiaminiki tena hugongwa herufi hizo ili mtu asije akaitia risasi, na hupewa wanafunzi wajifunze kutembea nayo. Ndiyo maana hung'aa, akasema, kwani kazi yake ni kupigwa mafuta na kubebwa. Nilimshukuru. Nikaufuta ubao kwa kiganja na kuingia darasani, nikawafundisha hesabu ya kutoa, na sikumbuki kama nilifundisha sawa.

Siku zilibaki tano kufika Idi, na bunduki ilikuwa bado Nizwa. Ningeweza kusema jioni ile ile. Lakini Ami alikwisha kuitangaza kila barza mpaka wapita njia wanaijua, bunduki ya mkubwa wa kikosi, mke wa Suleiman ameisoma, amesoma yule, msimwone hivi. Na Suleiman alikuwa akijizoeza chumbani kwetu mbele ya kioo. Alichukua fimbo yake ya zamani, akaiweka begani na kulaza shavu juu yake, akafumba jicho moja. Mimi nipo kitandani nakunja nguo, nalitazama lile shavu. Nilikuwa nimeolewa miezi saba, na nilikuwa nimeanza kumpenda kwa namna ambayo hakuna aliyenitayarishia. Nilijua kwamba shavu lile ndilo litakalokuwa karibu na komeo lisilo lake. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama anataka chai.

Fundi Salim alifika mwenyewe siku mbili kabla ya Idi, alfajiri imekwisha, jua linaanza kuuma. Nilikuwa jikoni na wanawake wengine tukitia viungo kwenye nyama ya shuwa, ile inayofukiwa shimoni juu ya makaa. Niliisikia sauti ya Ami akikaribisha watu, vikombe vya kahawa vikigongana, kisha mshangao wa wanaume wengi kwa pamoja, na nikajua imefunuliwa. Jirani mmoja akachungulia, akarudi akisema ni nzuri mno, fedha tupu, na kwamba wanatoka kwenda wadini, kwenye mkondo mkavu wa mto, Suleiman apige ya kwanza. Mikono yangu ilikuwa na vitunguu saumu na siki mpaka viwikoni. Sikunawa. Nilitoka hivyo hivyo na kuwakuta wamesimama uani, watu kumi au kumi na mbili, mume wangu katikati, na bunduki mkononi mwake ni nzuri kweli, sijaona nyingine kama ile.

"Ami," nikasema, "nilisema uongo."

Nilisema kwa Kiswahili, halafu, kwa sababu wengine hawakuelewa na nisingeweza kurudia kesho, nikasema tena kwa Kiarabu changu kile kile cha kuchekwa. Herufi zile sikuzijua. Nilizibuni. Nimemuuliza askari, zina maana bunduki hii ni ya kubeba tu. Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Suleiman aliitazama bunduki, hakunitazama mimi. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Ami akanigeukia. "Unajua sasa," akauliza, "au unadhani?"

"Nimeambiwa na anayejua."

Fundi Salim akaomba kamba. Hilo nitamshukuru hadi nife, hakubishana wala hakujitetea, aliomba kamba na gurudumu bovu la gari. Wadini wakaifunga bunduki kwenye gurudumu, wakalipachika kati ya mawe mawili, kamba ikafungwa kwenye kifyatulio, na watu wote wakaenda nyuma ya ukuta wa shamba la mitende. Wanawake tulisimama mbali zaidi, mikono yetu ikinuka siki. Fundi akavuta. Mlio ukarudi kutoka mlimani. Akaenda, akalifungua komeo, akalitoa ganda la risasi, akalikagua, akatia risasi nyingine. Ya pili nayo ikatoka salama, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wanawake wa Unguja wana woga. Nikajiona nimemwaibisha mume wangu mara mbili, kwa uongo na kwa ukweli. Fundi hakugeuka. Alikuwa akilizungusha lile ganda la pili kwenye ukucha wake. Akatia ya tatu, akavuta.

Moshi ulitoka mahali pasipo pake, ubavuni mwa komeo. Fundi alihangaika kulifungua, akalipiga kwa ubao, likafunguka, na ganda likaanguka mchangani. Alilileta mpaka kwa Ami kwenye kiganja. Lilikuwa limepasuka kwa kuzunguka, karibu na kitako chake, mfano wa yai lililogongwa kabla ya kumenywa, na upande mmoja ulikuwa mweusi kwa moto. Likapita mkono kwa mkono. Fundi akasema neno moja refu la Kiarabu ambalo Ami alinifasiria baadaye njiani, kwamba risasi ya nne isingesubiri, ingemrudia mpigaji usoni.

Idi ile Suleiman alicheza razha na fimbo, mwisho wa safu. Bunduki yake ilijengwa upya juu ya ule mtambo wa kutu, ambao fundi aliuficha badala ya kuuuza, na ulipokwisha kusuguliwa ulionesha rangi ya kijivu isiyovutia, na komeo linaloteleza kwa mlio mmoja. Aliivaa Idi iliyofuata na kila Idi baada ya hapo. Ami, kila nilipomfasiria karatasi, aliniuliza, "Unajua au unadhani?" na mimi nikamjibu kwa haki, na mara nyingi nilijibu sijui, nikaona kwamba paa halianguki. Lakini Suleiman hakulitaja jambo lile. Si usiku ule, si mwaka ule, wala hadi alipokufa. Alinitendea wema miaka arubaini na zaidi, tukazaa, tukazika, na mara mojamoja, tukiwa tumekaa tu, nilikuwa nikijiuliza kama bado ananiona uani na vitunguu mikononi, nikimvua nguo mbele za watu. Niliogopa kumuuliza. Kwa mwanamke aliyeuliza kila kitu, hilo moja sikuuliza.

Basi siku ile baada ya eda, kwenye chumba cha bunduki, nilipomaliza kuupangusa mtambo kwa mafuta, nikauchukua mkanda wa risasi niupake nao. Mikanda hii ina vifuko vidogo vya ngozi, risasi moja kila kimoja, na ngozi ya zamani ikikauka hupasuka, lazima uzitoe risasi zote. Nikaanza na cha kwanza, cha upande wa moyo. Kilichotoka hakikuwa risasi. Lilikuwa ganda tupu, limepasuka kwa kuzunguka, jeusi upande mmoja, na sehemu nyingine limelainika na kung'aa kwa kushikwashikwa na kidole. Miaka yote ile alikuwa akilivaa. Kila Idi, kila harusi, mbele ya wale wale wazee, hapo kifuani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga mkanda.

Nililia, sitaficha. Khalfan aliingia akanikuta hivyo, akalichukua ganda mkononi mwangu, akaligeuza. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, alikulia hapa.

"Mama, hii imepasuka. Mimi natupa?"

Nikamwambia alirudishe kwenye kifuko cha kwanza, upande wa moyo. Akauliza kwa nini baba yake alikuwa akiliweka. Nilifungua mdomo, na jibu zuri lilikuwa tayari ulimini, la kupendeza, la kumfurahisha mtoto. Nikalimeza.

"Sijui," nikamwambia. "Nadhani."

Akaketi chini karibu yangu juu ya mkeka, nikamweleza ninachodhani.